Nyekundu Mpaka Viwikoni

"Nyosha tena," Inspekta Nyamai alisema.

Gedion alinyosha mikono juu ya meza. Ilikuwa na rangi ya damu iliyokauka, kuanzia kwenye kucha mpaka viwikoni, na hapo kwenye viwiko rangi ikakatika ghafla kama soksi. Sabuni ya kituo ilikuwa imeshindwa. Alikuwa amejisugua mpaka ngozi ikachubuka, na wekundu ukabaki pale pale.

"Hii ni rangi ya nini?"

"Zabibu."

"Za nani?"

"Za mama Kanyiva."

"Ulizifanya nini?"

Gedion alikwangua rangi kwa ukucha.

"Jumamosi jioni, mama Kanyiva akienda matangani, ulikuwa wapi?"

"Sina la kusema, afande."

"Gedion, wewe ndiye mlinzi wa shamba lake. Ametoka jua likielekea kuzama, mizabibu ikiwa mizima. Amerudi giza limeingia, amekuta mistari sita imekatwa matawi yote, na wewe haupo. Halafu unatokea njiani na mikono kama ya mchinjaji. Kesho unasomewa shtaka Kitui. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na huna la kusema?"

Gedion alirudisha mikono chini ya meza. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye macho ya mlevi wa zamani aliyeacha. "Mungu anajua nilikokuwa," alisema.

"Basi mwambie Mungu aje aandikishe taarifa."

Nyamai alitoka nje akafunga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Ilikuwa Sikukuu ya Mashujaa, na kila afisi ilikuwa imefungwa isipokuwa ile ambayo Nyamai angependa ifungwe. Bosi wake alipiga simu kutoka uwanjani, bendi ikilia nyuma yake.

"Nyamai, hiyo faili iko tayari?"

"Bado kidogo, mkubwa. Kuna kitu hakikai."

"Kitu gani? Mtu ako na rangi mpaka kwa viwiko. Unataka nini tena, akutumie barua?"

"Hana sababu, mkubwa. Hilo shamba ndilo linamlisha."

"Sababu ataipatia korti. Asubuhi nataka hiyo faili kwa meza."

Simu ikakatika. Sajini Nasreen alikuwa amekaa kwenye boneti ya gari akila njugu. Alikuwa mama mzima wa Mwingi, miaka mingi kazini, na hakuna bosi aliyewahi kumfanya aharakishe kutafuna.

"Nakuona umekasirika," alisema.

"Nimekasirika."

"Na mimi je? Mwislamu, ndiye nimetumwa kulinda divai ya Wakristo ambao hawanywi divai." Alimpa njugu. "Tunaenda wapi?"

"Shambani tena. Kuna jambo la ile mikono silipendi."

*

Shamba la Kanyiva lilikuwa nje kidogo ya Zombe, kwenye mteremko wenye mawe. Pande zote mahindi ya majirani yalikuwa yamekufa yakiwa yamesimama. Mizabibu peke yake ndiyo ilikuwa na majani, mistari kwa mistari juu ya nyaya, isipokuwa ile sita ya chini. Pale vilibaki visiki vyenye mikono mifupi, na vichala vyeusi vimetapakaa ardhini, vimekanyagwa, nyuki wakiviimbia.

Kanyiva alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, kofia ya mumewe kichwani. Hakuwasalimia.

"Mmekuja kuangalia au mmekuja na jibu?"

"Kuangalia, mwaitu," Nyamai alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mliangalia jana."

"Jana niliangalia kama polisi. Leo nataka nikate."

Kanyiva alimkazia macho, kisha akamletea makasi ya kupogolea. Nyamai alichagua mzabibu mmoja uliokuwa umeharibika nusu, akakata matawi yaliyosalia, moja, la pili, la tatu, vichala vikianguka miguuni. Alikata mpaka kiganja kikamuuma. Kisha akaangalia mikono yake. Utomvu kidogo, vumbi, na madoa mawili matatu kwenye vidole.

"Sasa angalia viatu," Nasreen alisema.

Viatu vilikuwa vyekundu kote, soli mpaka kwenye kamba.

Nyamai alisimama hapo, makasi mkononi. "Gedion alikamatwa na viatu gani?"

"Akala zake za tairi. Ziko kwa kaunta. Nilizifunga mimi mwenyewe."

"Zina rangi?"

"Zina vumbi. Vumbi tupu."

"Na sisi tumekaa siku mbili tunaangalia mikono!" Aliokota kichala, akakiponda kwa viganja viwili. Maji mekundu, mazito, yalimtiririka mpaka kwenye saa. "Hivi ndivyo mtu anapata rangi. Kwa kuponda, si kwa kukata. Na ili ifike viwikoni lazima uzamishe mikono ndani ya karai."

"Hapa hakuna mtu anaponda," Kanyiva alisema. "Mimi nauza nzima. Lori la mnunuzi lilikuwa lije Ijumaa hii."

"Zabibu zote zinatoa maji mekundu hivi?"

"Zote?" Kwa mara ya kwanza mama alicheka, kicheko kikavu. Alienda kwenye mzabibu wa kivuli, karibu na mlango wa nyumba, akarudi na punje nyeusi za kula. Akaiminya moja. Maji yake yalitoka meupe, kama ya mchele uliooshwa. "Hii ni nyeusi kwa ganda tu. Ukitaka divai nyekundu, unaacha maji yakae na maganda siku nyingi mpaka yachachuke. Ndiyo yanavuta rangi. Lakini hii yangu, Alikante, ni nyekundu mpaka ndani kwa nyama. Ukiminya leo, leo ni damu. Watu wa divai wenyewe wengi hawaijui. Wananiuliza kwa nini sikupanda zile za majina makubwa. Nikawaambia, leteni hayo majina makubwa hapa Zombe mwezi wa tisa tuone."

Alimwekea Nyamai maji na kipande cha sabuni. Povu likageuka samawati, likaenda kwenye kijani. Nyamai akarudisha mikono nyuma.

"Usiogope. Sabuni inaigeuza. Lakini haitoki, utakaa nayo wiki."

"Mwaitu, matawi yaliyokatwa yako wapi? Vichala naviona. Kuni sizioni."

"Watu wamebeba, nafikiri. Wamelishia mbuzi. Hata majani yalikuwa yameanza kuliwa kabla." Alivuta kofia chini. "Niambie tu kama ni Gedion. Huyu mtu nilimwachia funguo za nyumba. Nikijua si yeye nitalala. Nikijua ni yeye, pia nitalala. Hii ya katikati ndiyo inaniua."

Nyamai aliokota makasi, akamrudishia. Walirudi kwenye gari.

"Haya," alisema, akiwa bado hajawasha. "Mtu ana zabibu inayotoa damu bila kuchachuka. Anaikamua Jumamosi jioni, kwa siri, na yuko tayari kufungwa kuliko kusema. Nani hapa Zombe anataka maji mekundu yasiyo na pombe, Jumamosi jioni?"

Nasreen alitema ganda la njugu dirishani. "Mtu wa kuyanywa Jumapili."

Nyamai alipiga usukani kwa ngumi. Gedion alikuwa shemasi. Ndiye aliyekuwa akitayarisha Meza ya Bwana katika kanisa la Mchungaji Mulinge. Na Mchungaji Mulinge ndiye aliyehubiri mwaka mzima kwamba shetani amepanda shamba Zombe. Jana Nyamai alikuwa amemhoji kwa saa nzima kama adui wa lile shamba. Hakufikiria kumhoji kama mteja.

*

Mke wa mchungaji, Kalunde, alikuwa nyuma ya nyumba akifua vitambaa vya kanisa kwenye beseni. Mchungaji mwenyewe alitoka na Biblia chini ya kwapa, suti ya kijivu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuomba kwa ajili ya wageni kabla hawajafika.

"Inspekta! Tena? Karibuni ndani."

"Hapa panatosha, pasta. Mnatumia nini kwa Meza ya Bwana?"

"Kinywaji cha dukani. Kile chekundu. Sisi pombe hatugusi, hata tone."

"Chupa tupu naweza kuiona?"

"Tulishatupa."

"Duka gani?"

"Aa, hayo ni mambo ya mashemasi."

"Shemasi mwenyewe ako kwa seli na hasemi."

"Tunamwombea."

Nyamai alizunguka akaenda kwenye beseni. Kitambaa cheupe cha Meza kilikuwa juu ya povu, na katikati yake doa la kikombe. Doa lilikuwa samawati, na kingo zake zilikuwa za kijani. Kalunde aliacha kusugua. Mikono yake pia, hadi juu ya vifundo, ilikuwa na wekundu uliofifia.

"Mama pasta, hiki kinywaji cha dukani kinageuka hivi kwa sabuni?"

Kalunde alimwangalia mumewe.

Nyamai alinyosha vidole vyake mwenyewe. Kwenye kucha palikuwa na samawati ile ile. "Mimi nimetoka kuosha zangu shambani kwa Kanyiva sasa hivi."

Tabasamu la mchungaji lilikaa pale kwa muda likiwa halina kazi. Kisha likaondoka. Alivuta kiti cha plastiki akakaa, Biblia magotini.

"Kile cha dukani," alisema polepole, "kina ladha ya peremende. Watoto walikuwa wanarudi foleni mara ya pili. Wazee wazima wanakunywa Damu ya Bwana wakilamba midomo. Nikasema hapana, Biblia inasema uzao wa mzabibu. Nikanunua zabibu nyeusi Kitui, nikakamua mwenyewe. Ikatoka kama maji ya mchele. Nitawaambia watu hii ni damu? Halafu Gedion akaniletea kichala kimoja kutoka kule. Kimoja tu. Nilikiminya kwa kikombe." Alipapasa jalada la Biblia. "Nililia, Inspekta."

"Na ukaendelea kuhubiri."

"Nilihubiri juu ya divai. Hii si divai. Tunakamua Jumamosi jioni kwa sababu hiyo. Na hili joto letu, ukikamua Alhamisi, Jumapili tayari ni divai na mimi ni mwenye dhambi."

"Kwa hivyo juzi Jumamosi jioni Gedion alikuwa hapa akikamua."

"Sijasema hivyo."

"Pasta!"

"Sijasema na sitaandika. Wewe huyajui makanisa. Wakisikia kikombe kilitoka shamba la shetani, nusu watahama kesho na nusu watanifukuza. Kuna watu hapa waliacha kuongea na Kanyiva kwa sababu ya mahubiri yangu. Nitawaambia nini?"

"Mimi sijui utawaambia nini. Najua Gedion ataambiwa nini kesho kortini."

"Alijitolea. Nilimtoa kwa pombe ya kaluvu akilala mitaroni, nikamlaza kwa nyumba yangu. Aliniapia mwenyewe kwamba mambo ya Jumamosi hayatatoka mdomoni mwake. Ameamua kubeba msalaba wake."

"Huo ni wako," Nasreen alisema kutoka kwenye kona ya nyumba. "Yeye ni mkokoteni tu."

"Jana mlikunywa," Nyamai alisema. "Mlikunywa alichokamua, na wakati mnakunywa sisi tulikuwa tunamfunga pingu. Ulijua?"

Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga bila kusoma.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nyamai alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Ukweli ulikuwa umekaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki na hakuwa na namna ya kuubeba mpaka kortini. Bila taarifa yenye sahihi, bosi angemwuliza kama ameanza kuamini mapovu.

"Leta karatasi," Kalunde alisema.

Alikuwa amesimama, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

"Mama Mutheu," mchungaji alimwambia mkewe, "ngoja kwanza."

"Nimengoja tangu jana. Kitambaa nimekisugua mara tatu, hakitakati." Akamgeukia Nyamai. "Gedion alifika hapa na gunia kabla jua halijazama. Alikuwa jikoni kwangu, mikono kwa karai langu, mpaka giza likaingia. Mimi ndiye nilishika chujio. Akanywa chai, akaenda. Kukata mizabibu hawezi, labda kama ana miili miwili. Niandike wapi?"

"Kalunde, kanisa litavunjika."

"Basi utalijenga, si wewe ni fundi wa maneno?"

Alipangusa mikono kwenye leso, akaandika akiwa amesimama, karatasi juu ya boneti ya gari. Mchungaji hakuja kumzuia. Alibaki kwenye kiti akiangalia kitambaa kikielea.

*

Kanyiva alikuwa tayari kituoni walipomtoa Gedion. Nasreen ndiye aliyempigia simu. Gedion alivaa akala zake zenye vumbi, akasimama mbele ya mwajiri wake, kichwa chini.

"Ulichukua zabibu zangu."

"Ndiyo, mama. Gunia. Kila Meza ya Bwana."

"Za kuwapa watu ambao hawanisalimii sokoni."

"Ndiyo, mama."

Kanyiva alitazama ile mikono kwa muda mrefu. "Ungeniomba tu," alisema hatimaye. "Mimi pia nilibatizwa." Akavua kofia, akajipepea, na Nyamai akaona kwamba alikuwa analia na hataki mtu aseme kitu.

Nasreen alimsogezea kiti.

Bosi alipiga simu. Nyamai alimweleza: mtuhumiwa alikuwa mahali pengine, kuna shahidi, kuna sahihi.

"Kwa hivyo nani alikata?"

"Bado sijui, mkubwa."

"Yaani jana ulikuwa na mtu, leo hauna mtu. Hiyo ndiyo kazi umefanya sikukuu nzima?"

"Ndiyo, mkubwa."

Aliweka simu chini. Ndivyo hasa ilivyokuwa. Siku mbili za petroli na maswali, na alikuwa amesimama pale alipoanzia, ila sasa ana kucha za samawati. Alichukua karatasi nyingine amalizane na mambo ya kumwachilia huyu mtu.

"Kuna la kuongeza, Gedion? Lolote?"

"Ni hayo majani tu, afande."

"Majani gani?"

"Wiki ya kwanza ya mwezi huu, kabla ya kukatwa. Nilikuta ile mistari sita haina majani. Nikamwambia mama ni mbuzi. Lakini baadaye nikaona si mbuzi. Mbuzi anakula jani na kikonyo chake. Haya yalikuwa yamekatwa, vikonyo vyote vimebaki kwa tawi, vimesimama kama misumari."

Kalamu ya Nyamai ilisimama.

Alikuwa mtoto wa Makueni. Alikulia chini ya maembe ya mama yake, huko nyuma ya mji wa Wote, na alikuwa ameona jambo hilo kila mwaka. Fundi wa kupandikiza maembe hakati kijiti cha mbegu siku hiyo hiyo. Anatangulia wiki moja au zaidi, anakata majani yote na kuacha vikonyo, ili macho ya tawi yavimbe. Kikonyo kikianguka chenyewe ukikigusa, kijiti kimekomaa, unakata unaondoka nacho. Mzabibu hauhitaji hayo. Mtu anayejua mizabibu asingepoteza muda. Lakini mkono uliozoea maembe hujifanyia tu.

Basi hakukuwa na adui wa shamba. Hakukuwa na shetani wala hasira ya wokovu. Kulikuwa na mwizi wa miche. Vichala alivitupa kwa sababu hakuvihitaji. Kuni hazikuonekana kwa sababu kuni ndizo alizofuata, na kufikia sasa zilikuwa zimekatwakatwa vipande na kuchomekwa kwenye mchanga wenye maji, kwenye kitalu fulani cha Makueni, zikitafuta mizizi.

Na Kanyiva alikuwa amemwambia leo mchana. Majani yalikuwa yameanza kuliwa kabla. Yeye Nyamai alikuwa anaosha mikono.

"Gedion," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "kwa nini hukusema hili tangu jana?"

"Niliapa nisiseme mambo ya Jumamosi, afande. Hili halikuwa la Jumamosi." Gedion alionekana kushangaa. "Lakini nyinyi mliuliza mikono tu."

Nasreen aligeuka akaangalia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Piga simu kituo cha Wote," Nyamai alimwambia.

Nasreen alipiga, akangoja. "Hawashiki, mkubwa. Ni sikukuu. Inalia tu."

Nyamai aliandika upya juu ya karatasi, akakandamiza kalamu mpaka ikatoboa. "Haya. Sasa nauliza. Kuna fundi yeyote wa maembe, mtu wa Makueni, ambaye amewahi kufika lile shamba?"

"Yuko. Anaitwa Mulwa, wa hapo Wote. Alikuja mama akiwa Kitui. Aliipenda ile zabibu sana, afande. Aliuliza maswali mengi, ni mistari gani inazaa zaidi, na mama huenda safari siku gani."

"Na wewe ukafanya nini?"

Gedion aliangalia mikono yake myekundu, kisha Kanyiva, kisha sakafu.

"Nilimpikia chai," alisema.